Safari ya Hölderlin kwenda Bordeaux (1801–1802) na suala la kilicho chetu

Katika juma la pili la mwezi wa Desemba 1801, mtu mmoja mwenye umri wa miaka 31 aliiacha nyumba ya mama yake mjini Nürtingen, kusini mwa Ujerumani, akashika njia ya kwenda Bordeaux, bandari ya Ufaransa iliyo karibu na bahari ya Atlantiki. Alikuwa amepata huko kazi ya mwalimu wa nyumbani, yaani mwalimu anayelala na kula kwa tajiri ili awafundishe watoto wake. Njia ilizidi kilomita 1000, majira yalikuwa ya baridi kali, na yaonekana sehemu kubwa ya njia hiyo aliipita kwa miguu. Baada ya miezi sita hivi alirudi kwao katika hali iliyowatisha rafiki zake. Mtu huyo ni Friedrich Hölderlin, ambaye leo huhesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa kabisa wa lugha ya Kijerumani, ingawa siku zile waliomjua walikuwa wachache.

Safari hii imeandikiwa vitabu vingi, na wapo waliovaa viatu wakaifuata hatua kwa hatua. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini safari ya mwalimu maskini imekuja kusomwa kama tendo la falsafa, na ni nini kinachopatikana, au kisichopatikana, pale mtu wa baadaye anapojaribu kuirudia. Ni vema kusema tangu mwanzo kwamba hapa hatuzungumzii matembezi ya kuona mambo. Goethe alipotoroka Karlsbad saa tisa za usiku mwezi wa Septemba 1786 na kwenda Italia, alikwenda kutazama: majumba, mawe, mimea, michoro. Alirudi na mzigo wa vitu alivyoviona, na mzigo huo ulimneemesha maisha yake yote. Hölderlin hakwenda kutazama. Alikwenda kutafuta mkate. Lakini siku chache kabla ya kuondoka alikuwa ameandika fikra moja nzito katika barua, na njia ndiyo iliyoipima fikra hiyo.

1. Barua ya tarehe 4 Desemba 1801

Barua hiyo aliiandika kwa rafiki yake Casimir Ulrich Böhlendorff, mshairi kutoka Kurland, ambaye alikuwa amempelekea tamthilia yake. Baada ya kuisifu kazi ya rafiki, Hölderlin anaingia katika jambo ambalo wataalamu hawajamaliza kulichambua hata leo. Kwa ufupi, hoja yake ni hii. Kila taifa lina kipawa lililozaliwa nacho. Wagiriki wa kale walizaliwa na moto, yaani joto la roho, mwako wa kuwaelekea miungu. Watu wa magharibi ya Ulaya, na hasa Wajerumani, walizaliwa na utulivu, mpango na uwazi wa kueleza. Mtu angedhani kwamba kila taifa litastawi katika kile kilicho chake. Hölderlin anasema kinyume: Wagiriki walifanikiwa mno katika uwazi wa maelezo, kwa kuwa haukuwa wao na walilazimika kujifunza, Homer ndiye mfano wake. Na wajao nao watazidi katika kile walichokitwaa kwa wengine. Kile ambacho mtu amezaliwa nacho ndicho kigumu kabisa kukitumia kwa uhuru. Kwa hiyo kilicho chetu kinatakiwa kujifunzwa sawasawa na kilicho kigeni, na ndiyo sababu Wagiriki ni wa lazima kwetu, ingawa kuwaiga ni kupotea.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja methali ya mwacha asili ni mtumwa. Methali hiyo na fikra ya Hölderlin zinaonekana kuwa ndugu, lakini zinatofautiana katika jambo la msingi. Methali inachukulia kwamba asili ipo mkononi, kama jembe lililorithiwa, na kosa ni kulitupa. Hölderlin anashuku kwamba bado hatujalishika. Mtu anaweza kukaa kwao siku zote, asiiache mila hata moja, na bado asiwe huru ndani ya hiyo mila, kwa sababu kitu cha karibu mno hakionekani. Ili akione inambidi apite kwa jirani.

Hilo si jambo geni kwa anayefundisha lugha katika Kongo. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiswahili cha nyumbani huko Lubumbashi au Bukavu, kisha akasomeshwa kwa Kifaransa, huikuta sarufi ya lugha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, tena mara nyingi kwa istilahi za kigeni. Huona ngeli kama kitu kipya, naye amezitumia tangu kunyonya. Wako wanaolihesabu jambo hili kuwa aibu. Kwa mujibu wa barua ya Böhlendorff, ndiyo njia ya kawaida, na labda hakuna nyingine.

Mwishoni mwa barua hiyo sauti inabadilika. Mwandishi anamwambia rafiki yake kwamba anaiacha nchi yake, huenda moja kwa moja, na kwamba machozi yamemtoka, yeye ambaye hakuwa amelia kwa muda mrefu. Nchi yake haina haja naye. Hata hivyo atabaki Mjerumani, hata kama haja ya moyo na ya chakula ingemfukuza mpaka Tahiti. Ni vizuri kuyasoma maneno haya ya mwisho pamoja na nadharia iliyotangulia. Wengi huichukua nadharia na kuliacha tumbo. Hölderlin alikuwa amesomea uchungaji katika chuo cha Tübingen, pamoja na Hegel na Schelling, kisha akakataa kuwa mchungaji; alikuwa amefundisha watoto wa tajiri Gontard huko Frankfurt tangu 1796 mpaka 1798, akampenda mama wa nyumba, Susette, akalazimika kuondoka; alikuwa amejaribu kuanzisha jarida, likashindikana; na mwanzoni mwa 1801 alikuwa amefundisha huko Hauptwil katika Uswisi kwa miezi michache tu. Riwaya yake Hyperion ilikuwa imetoka katika juzuu mbili, 1797 na 1799, bila kumtajirisha. Bordeaux ilikuwa nafasi ya mwisho ya kupata riziki bila kuvaa joho la kanisa.

2. Njia yenyewe

Tunayoyajua juu ya njia ni machache, na karibu yote yanatokana na barua tatu au nne pamoja na hati za serikali. Tarehe 15 Desemba yuko Strasbourg, nako anazuiliwa karibu majuma mawili. Ufaransa ya Napoleon iliwachunguza wageni kwa makini. Alitaka kupita Paris, akanyimwa ruhusa, akaamriwa kupita Lyon. Kwa hiyo sehemu ya safari hii inayosifiwa kama chaguo la roho iliamuliwa na karani wa polisi. Tarehe 9 Januari 1802 anamwandikia mama yake kutoka Lyon. Mji ulikuwa na shughuli nyingi, maana Napoleon mwenyewe alikuwa njiani kuja kuongoza mkutano wa kuiundia Italia jamhuri mpya, na aliingia siku mbili baadaye. Mshairi ambaye zamani aliyashangilia mapinduzi ya Kifaransa alikuwa katika mji mmoja na mwenye kuyamaliza, au alipishana naye kwa siku moja mbili.

Kutoka Lyon mpaka Bordeaux ni kilomita 500 na zaidi. Alifika tarehe 28 Januari, asubuhi. Ukigawanya, unapata karibu kilomita 30 kila siku, katika theluji, juu ya milima ya Auvergne. Katika barua aliyoandika siku ile ile ya kufika, anamsimulia mama yake juu ya vilele vilivyojaa theluji, dhoruba na nyika, na usiku wa baridi kama barafu, kitanda kibovu, bastola iliyojazwa risasi kando yake. Aliomba sala usiku mmoja, anasema, ambayo ilikuwa bora kuliko sala zote za maisha yake. Vijiji alivyolala, majina ya wenyeji wake, njia aliyoshika kati ya vilele: hakuna. Kipande chenye hatari kuliko vyote ndicho kisicho na hati.

Kwa Bordeaux alipokewa na Daniel Christoph Meyer, mfanyabiashara wa mvinyo na konsuli wa mji wa Hamburg. Nyumba yake nzuri, karibu na jumba kuu la michezo, bado imesimama. Hölderlin aliandika kwamba anaishi karibu kwa ufahari uliopita kiasi. Baada ya hapo tunayo barua moja tu kutoka huko, ya Ijumaa Kuu, tarehe 16 Aprili, juu ya kifo cha bibi yake. Tarehe 10 Mei anapewa hati ya kusafiria ya kurudi. Kwa nini aliondoka baada ya miezi mitatu na nusu, hakuna aliyeweza kuthibitisha. Tarehe 7 Juni hati yake inagongwa muhuri Strasbourg, kwenye mpaka. Safari hii alipitia Paris, kwa maana baadaye anasema kwamba ameziona huko sanamu za kale. Na kweli sanamu mashuhuri za Roma, kama Apollo wa Belvedere, zilikuwa zimepelekwa Louvre na majeshi ya Napoleon. Hivyo huyu mpenzi wa Ugiriki ambaye hakukanyaga Ugiriki wala Italia alizikuta sanamu zao Paris, zikiwa mateka.

Tarehe 22 Juni 1802 Susette Gontard alifariki Frankfurt kwa ugonjwa alioambukizwa na watoto wake. Rafiki yake Sinclair alimwandikia Hölderlin habari hiyo tarehe 30 Juni. Wakati fulani katika siku hizo alionekana Stuttgart na kisha Nürtingen, amekonda, uso mweupe kama wa maiti, macho yameingia ndani, nywele na ndevu ndefu, amevaa kama mwombaji. Je, alikuwa wapi kati ya mpaka na kwao? Je, alipita Frankfurt? Mtaalamu wa Kifaransa Pierre Bertaux aliamini kwamba alifika kwa Susette kabla hajafa, na akajenga juu ya dhana hiyo hoja kwamba Hölderlin hakuwa mwendawazimu kamwe. Kitabu chake cha mwaka 1978 kilizusha ubishi mkubwa. Ni kitabu cha kusisimua, ila mpaka sasa hakuna karatasi iliyopatikana ya kujaza pengo lile, na pengo ni mahali pabaya pa kujengea nyumba.

3. Fikra baada ya njia

Barua ya pili kwa Böhlendorff, ya vuli ya 1802, ndiyo inayoifanya safari hii kuwa ya falsafa. Ile ya kwanza ilikuwa nadharia ya mtu aliyekaa mezani. Katika ya pili anaeleza alichokiona: ardhi ya upweke na huzuni, wachungaji wa kusini mwa Ufaransa, wanaume na wanawake waliokulia katika hofu ya mashaka ya kisiasa na ya njaa. Anazitaja nchi zinazopakana na Vendée, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeua watu wengi mno kuanzia 1793. Anasema kwamba miili ya watu wa kusini, iliyokomaa katikati ya magofu ya roho ya kale, ilimfanya awafahamu Wagiriki zaidi. Na anasema kwamba, kama inavyosimuliwa juu ya mashujaa, anaweza kusema Apollo amempiga.

Hapo ndipo nadharia inapogeuka. Moto wa mbinguni, ambao katika barua ya kwanza ulikuwa neno la kuainishia mataifa, sasa umekuwa kitu kilichompata mtu mwilini. Aliutafuta kwa Wagiriki vitabuni, akaukuta kwa wakulima wenye njaa wa Ufaransa, na ulimchoma. Baada ya kurudi aliandika mashairi yake magumu na makubwa kuliko yote, na akazimaliza tafsiri zake za Sophocles, Oedipus na Antigone, zilizotoka mwaka 1804. Wasomi wa wakati ule walizicheka, kwa kuwa Kijerumani chake kilipindishwa kifuate Kigiriki mpaka kikapiga kelele. Leo watafsiri huzisoma kwa heshima. Ni matokeo ya moja kwa moja ya barua ya kwanza: lugha ya nyumbani inasukumwa mpaka kwenye ukingo wa lugha ya kigeni ili ijulikane ina nguvu gani.

Kwa Waswahili, utanzu wa safari nao una historia yake, na si vibaya kuugusa. Carl Velten alichapisha mwaka 1901 mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, na humo mna habari ya Salim bin Abakari, aliyefuatana na Mjerumani Bumiller mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia. Salim anapima kila jambo kwa kipimo cha kwao: chakula, baridi, nyumba, adabu. Kipimo chenyewe hakitikisiki. Tofauti na Hölderlin si ya akili, maana Salim ana jicho kali kuliko wengi. Ni ya kusudio. Msimulizi wa Kiswahili anarudi na habari kwa watu wanaomsubiri. Hölderlin alirudi bila kujua ni nani anayemsubiri.

4. Waliomfuata, kwa kiti na kwa miguu

Shairi lake liitwalo Andenken, yaani Ukumbusho, liliandikwa yapata 1803 na kuchapishwa miaka michache baadaye. Ndani yake mna Bordeaux yenyewe: upepo wa kaskazini mashariki unaowapa mabaharia safari njema, mto Garonne, bustani, mtini uani, sikukuu ya mwezi wa Machi ambapo usiku na mchana hulingana, wanawake wa mji wenye rangi ya maji ya kunde wakitembea, meli za kwenda Uhindi, na mahali ambapo Dordogne na Garonne hukutana na kuwa maji mapana kama bahari. Mtu aliyewahi kusimama huko na ramani mkononi hukiri kwamba mshairi hakubuni mandhari.

Martin Heidegger alilifundishia shairi hili Freiburg katika majira ya baridi ya 1941–1942, akachapisha insha yake 1943. Kutoka barua ya Böhlendorff alichukua fikra kwamba mtu hafiki kwake ila kwa kupitia ugenini, akaifanya sheria ya historia. Ni usomaji wa kina, na hakuna anayeweza kuusoma Hölderlin leo kana kwamba Heidegger hakuandika. Lakini katika mikono yake Ufaransa inatoweka. Ugeni unaohesabiwa ni wa Wagiriki peke yao. Bordeaux inakuwa alama ya kitu kingine. Hata wale wanawake wa mji anawaondoa haraka na kuwageukia wanawake wa Kijerumani. Theodor Adorno alimkosoa kwa ukali juu ya jambo hilo katika mhadhara wake wa 1963. Inafaa kuongeza kwamba wakati Heidegger, mwanachama wa chama cha Nazi, anafundisha juu ya kuupitia ugeni kwa amani ya fikra, Bordeaux yenyewe ilikuwa imekaliwa na jeshi la Ujerumani tangu Juni 1940. Darasani jambo hilo halikuwa na nafasi.

Kinyume cha kiti ni miguu. Thomas Knubben, profesa wa Ludwigsburg, alitoka Nürtingen wakati wa baridi akatembea mpaka Bordeaux, na kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka 2011. Anaweka pamoja hatua zake na hati za Hölderlin, bila kudai kwamba baridi ya leo ni baridi ya 1802. Mtu anaweza kuuliza: kutembea kunathibitisha nini? Kwa kusema kweli, hakuthibitishi kitu. Barabara zimebadilika, misitu imekatwa na mingine kupandwa, na msafiri wa leo ana viatu, ramani na hoteli. Hata hivyo kutembea kunarekebisha. Mwenye kutembea hugundua kwamba kilomita 30 kwa siku katika theluji haziachi nafasi ya kufikiri mawazo marefu. Fikra huja vipande vipande, na sentensi ndefu hukatika. Labda ndiyo sababu mashairi ya baada ya 1802 yanajengwa kwa vipande vinavyosimama kando kando bila viunganishi. Hiyo ni dhana tu, lakini ni dhana ambayo haimjii mtu aliyeketi.

Lakini hata aifuataye njia kwa miguu anaweza kupita pasipo kuona. Bordeaux ya 1802 haikuwa bandari ya mvinyo tu. Kutoka hapo, tangu karne ya 17 mpaka ya 19, zilitoka safari zaidi ya 400 za kununua watumwa, na watu waliochukuliwa walizidi laki moja. Utajiri wa majumba yale meupe kando ya Garonne ulitokana kwa sehemu kubwa na sukari na kahawa ya Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti. Na katika miaka ya mwisho ya karne ya 18 wanunuzi wa Kifaransa walikuwa wakipata watu wengi katika pwani ya Loango, Malembo na Kabinda, waliotolewa bara ya Kongo. Huko Saint-Domingue waliitwa kwa jina hilo hilo, Kongo.

Tarehe zenyewe zinashangaza. Bunge la Ufaransa lilifuta utumwa Februari 1794. Merikebu za jemadari Leclerc, zilizotumwa kumwangusha Toussaint Louverture, ziling'oa nanga Brest katikati ya Desemba 1801, siku zile zile Hölderlin anaingia Strasbourg. Zilionekana pwani ya kisiwa mwishoni mwa Januari, siku zile zile anabisha hodi kwa Meyer. Siku kumi baada ya kupewa hati yake ya kurudi, yaani tarehe 20 Mei 1802, sheria ilitolewa ya kudumisha utumwa katika makoloni yaliyorudishwa kwa Ufaransa na kuiruhusu tena biashara yake. Tarehe 7 Juni, siku ile hati yake inapigwa muhuri Strasbourg, Toussaint alikamatwa kwa hila. Kuanzia Agosti alifungwa katika ngome ya Joux, katika milima ya Jura, eneo lisilo mbali na njia ya kutoka Strasbourg kwenda Lyon, na humo alifariki kwa baridi na maradhi Aprili 1803.

Tarehe kulingana si hoja. Barua za Hölderlin zilizosalia hazisemi neno juu ya watumwa wala juu ya Saint-Domingue, na haifai kumtia maneno mdomoni. Mabaharia wa Andenken wanakwenda Uhindi, wanakusanya uzuri wa dunia kama wachoraji, na wanavumilia miaka bila sikukuu ya nyumbani. Shehena haisemwi. Lakini Susan Buck-Morss ameonyesha, katika insha yake ya mwaka 2000 juu ya Hegel na Haiti, kwamba habari za kisiwa kile zilichapishwa kwa urefu katika jarida la Kijerumani Minerva, lililosomwa na kizazi hiki chote cha wanafalsafa. Ikiwa hoja yake juu ya Hegel ina nguvu, basi juu ya rafiki yake wa Tübingen, aliyeishi miezi mitatu na nusu ndani ya bandari yenyewe, kwa mfanyabiashara, wakati wa amani ya Amiens ambapo meli zilianza tena kutoka, swali ni zito zaidi. Aliona nini pale gatini? Watu weusi, huru na wasio huru, hawakuwa wageni katika mji huo. Wale wanawake wa maji ya kunde wa shairi huchukuliwa na wengi kuwa wanawake wa kusini waliochomwa na jua, na tafsiri hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Hata hivyo msomaji wa Kiafrika hana haja ya kuomba radhi akisita juu ya neno hilo muda mrefu kidogo kuliko walivyosita Heidegger na Adorno.

Hapa nadharia ya kilicho chetu na kilicho kigeni inapata swali ambalo Hölderlin hakujiuliza, angalau katika karatasi tulizo nazo. Yeye alifikiri juu ya msafiri anayeondoka, hata kama ni kwa machozi, na anayeweza kurudi. Kwa aliyetolewa Loango, kupita ugenini hakukuwa njia ya kuelekea kwake. Hata hivyo watu hao nao walijifunza cha kigeni na cha kwao kwa pamoja, wakatunga lugha, dini na hatimaye dola, iliyotangazwa tarehe 1 Januari 1804. Kuzisoma habari hizi mbili katika darasa moja, barua za Böhlendorff upande mmoja na Haiti upande wa pili, ni kazi ambayo bado haijafanywa ipasavyo kwa Kiswahili, na chuo kikuu cha Kongo kina sababu ya kuianza kabla ya wengine.

Kuhusu mwalimu wa Bordeaux, hakusafiri tena mbali. Tarehe 11 Septemba 1806 alichukuliwa kwa nguvu kutoka Homburg mpaka hospitali ya Tübingen, na mwaka uliofuata fundi seremala Ernst Zimmer, aliyekuwa ameisoma na kuipenda Hyperion, alimpokea nyumbani kwake. Alikaa humo miaka 36, katika chumba cha mnara kilichotazama mto Neckar, akipiga kinanda na kuwaandikia wageni beti fupi ambazo mara nyingine alizitia jina la uongo na tarehe za karne nyingine. Alikufa humo tarehe 7 Juni 1843.